Kufunga Weber mbili kwenye Datsun 1600, kwa hewa ya Nairobi

Jozi ya kabureta za Weber ikitoka kwenye sanduku huja na jeti (vipande vyenye vijitundu vinavyopima petroli) za watu wanaoishi karibu na bahari. Sisi tunaishi takriban mita 1,700 juu yake. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo kila pistoni inaposhuka huvuta hewa pungufu, lakini petroli haipungui kwa kiasi kilekile. Matokeo unayajua: moshi mweusi, plagi zenye masizi, harufu ya petroli mpaka kwenye nguo, na jirani anayeapa kwamba Weber ni za kunywa mafuta tu. Nimesikia magari mazuri hapa mjini yakinguruma hivyo na huniuma, kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanywa. Kilichobaki kilikuwa jeti nne za shaba.

Hapa nazungumzia injini ya L16, ile ya cc 1,595 iliyo kwenye Datsun 1600, na kabureta mbili za Weber 40 DCOE. Kila kabureta ina makoo mawili, kwa hiyo kila silinda inapata koo lake peke yake. Mwenye Escort au Corolla ya zamani atafaidika na mengi, ila vipimo vya valvu na umbo la manifoldi (mabomba yanayounganisha kabureta au eksosi na hedi) atafute vya injini yake.

Datsun 1600 SSS, iliyoshinda East African Safari mwaka 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ilikuwa ikitoka kiwandani na kabureta mbili tayari, za aina ya SU. Ukizipata hizo zikiwa nzima na manifoldi yake, zifunge. Ni kazi ya siku moja na zitakutunza. Nilichagua Weber kwa sababu kila kitu ndani yake hubadilishwa kwa bisibisi, na kwa mtu anayeshuka pwani na kupanda Limuru hilo lina thamani. Na tuelewane mapema: kabureta hizi hazirudishi hewa ambayo Nairobi haina. Kama kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, ni ile ya kiwandani, utakachopata hasa ni injini inayoitika mara tu unapogusa ekseleta. Matumizi ya petroli yatapanda kidogo hata ukizipanga vizuri.

Ipime injini kabla ya kununua chochote

Injini iliyochoka haiponi kwa kabureta. Ipashe moto, toa plagi zote nne, kanyaga ekseleta hadi mwisho na upime kompresheni. Vitabu vya gari vimeandikwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo geji yako Nairobi itasoma chini ya kilichoandikwa kwa karibu sehemu moja ya sita. Wapo waliofungua injini nzima kwa kuogopa namba hiyo. Linalokuhusu ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10, tafuta sababu kwanza.

Kisha valvu. Injini ikiwa moto, nafasi ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa. Ponti za distributa weka milimita 0.50, na hakikisha waya za plagi zinafuata mpangilio wa 1-3-4-2. Usiruke hili, maana baadaye utakuwa unasikiliza tofauti ndogo sana za mlio, na valvu moja iliyobana itakudanganya siku nzima.

Fungua kabureta mezani

Jozi yangu niliinunua kutoka kwa muuzaji mmoja wa spea kuukuu. Kwa nje zilifanana kama mapacha. Nilizifunga, nikahangaika wikendi tatu. Silinda mbili za mbele zilivuta vizuri na mbili za nyuma zilikohoa kila nilipofika mizunguko 3,000 kwa dakika. Nilipozifungua mwishowe nikakuta venturi (shingo nyembamba inayopitisha hewa) za moja ni milimita 30 na za nyingine 34. Namba ilikuwa imegongwa wazi kabisa kwenye kila venturi, na ningeiona siku ya kwanza kama ningechungulia.

Kwa hiyo zitandaze mezani juu ya kitambaa cheupe na usome kila namba. Venturi, jeti kuu, jeti ya hewa, kibomba chenye matundu kinachozishikilia, jeti ya sailensa (ya injini ikizunguka bila kukanyaga ekseleta), jeti ya pampu. Kwa L16 yenye kamshafti ya kawaida, venturi za milimita 30 zinatosha. 32 kama kamshafti imebadilishwa. Kubwa zaidi ya hapo hewa hupita polepole mno na gari huwa zito mjini.

Kanuni ya zamani ya Weber ni kuzidisha venturi mara nne ili upate jeti kuu. Mara nne 30 ni 120, yaani tundu la milimita 1.20. Hiyo ni ya pwani. Kwa presha yetu mchanganyiko hunenepa, yaani petroli huwa nyingi kwa hewa iliyopo, kwa karibu asilimia 10, na ili kupunguza eneo la tundu kiasi hicho unapunguza kipenyo kwa asilimia 5 hivi. Ndiyo maana Nairobi tunaanzia 115. Mpangilio ulio ndani ya gari langu leo ni huu: jeti kuu 115, jeti ya hewa 170, kibomba F11, sailensa 45F9, pampu 35. Uchukue kama mahali pa kuanzia. Plagi zako ndizo zitakazoamua.

Usikubali jeti iliyopanuliwa kwa keekee. Tundu la jeti lina mdomo uliochongwa kwa umbo maalumu, na keekee huuharibu. Namba iliyogongwa hubaki ya zamani na mtu anayefuata hatajua analotazama.

Maboya nayo. Shika kifuniko kikiwa wima, boya lining'inie, ulimi wake uguse tu kile kibonye cha sindano bila kukisukuma, halafu pima kutoka kwenye gasketi hadi kwenye boya. Kipimo hutegemea namba ya kabureta yako, ila maboya ya kabureta zote mbili lazima yalingane. Litikise kila boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka.

Manifoldi: hapa usiwe na haraka

Kwenye L16, manifoldi ya kuingiza na ya eksosi ziko upande mmoja wa hedi. Zinatumia gasketi moja, na baadhi ya stadi (bolti zisizo na kichwa) hubana zote mbili kwa pamoja: washa moja nene hukaa nusu yake juu ya flenji (ukingo bapa wa kufungia) ya kuingiza na nusu juu ya flenji ya eksosi. Sasa fikiria flenji ya manifoldi mpya ina milimita 12 na ya eksosi yako ya zamani ina 11. Ukikaza nati, washa itakalia ile nene tu, nyingine itabaki imeshikwa nusu. Injini itavuta hewa pembeni, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoponya hilo.

Chukua kalipa upime flenji zote mbili kila mahali washa inapokaa. Zikitofautiana, peleka ile nene kwa fundi wa mashine; Kariobangi Light Industries wapo wanaochonga kazi kama hii vizuri, na mwombe aichonge pale washa inapokaa, asiguse uso unaokutana na hedi. Uso huo wenyewe upime kwa rula ya chuma na fila geji. Ukiweza kupenyeza 0.10 popote, usawazishwe.

Kisha weka gasketi kwenye hedi na utazame kwa tochi kama matundu yanalingana. Gasketi isichungulie ndani ya njia ya hewa. Usipake silikoni. Petroli huilainisha, ikavimba, ikakatika vipande, na vipande hivyo vitaingia kwenye valvu. Gasketi kavu juu ya uso safi inatosha.

Kaza kuanzia katikati ukielekea nje, kwa mizunguko miwili au mitatu, kidogo kidogo. Hedi ni alumini na nyuzi zake hung'oka kwa urahisi. Baadaye, ukishawasha injini, iache ipoe usiku kucha, kisha uzikaze nati tena.

Kama manifoldi ya zamani ilikuwa ikipitisha maji ya redieta, unganisha mipira hiyo pamoja au uizibe kwa kizibo cha chuma na klipu. Bomba la kupumulia la injini lililokuwa likiingia kwenye manifoldi lipeleke kwenye kopo la kukusanyia mvuke wa oili. Ikiwa gari lako lina busta ya breki, toboa manifoldi ufunge nipeli yenye valvu ya njia moja, na ujaribu breki kabla gari halijatoka getini.

Kabureta juu ya manifoldi

DCOE haikazwi kama bolti ya gurudumu. Injini ya silinda nne hutetemeka, na mtetemo huo ukifika kwenye bakuli la boya, petroli hufanya povu kama soda iliyotikiswa. Boya halijui tena lilipo. Ndiyo maana kati ya kabureta na manifoldi kuna kibati chenye oringi mbili za mpira, na nyuma ya kila nati kuna washa ya springi. Kaza mpaka mizunguko ya springi ibaki na nafasi ya karibu milimita moja, uishie hapo. Shika kabureta kwa mkono uitikise: inatakiwa isogee kidogo sana, kama jino la mtoto linaloanza kulegea.

Chini yake, eksosi. Kwenye injini hii kabureta zimekalia moto kabisa, na Nairobi petroli huchemka mapema kuliko pwani kwa sababu ya presha ndogo; hata maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukikwama kwenye msongamano Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni, ukazima gari dakika kumi, bila ngao ya joto halitawaka. Kata bati la alumini la milimita moja, lipite chini ya kabureta zote mbili, liwe na nafasi ya kidole kutoka kwenye eksosi na kidole kutoka kwenye mabakuli. Fundi yeyote wa bati wa Gikomba au Kamukunji atakukunjia ukimpa umbo la kadibodi.

Petroli

Weber hizi zinataka presha ya psi 3 hivi, isizidi 3.5. Pampu ya kiwandani ya L16 inayosukumwa na injini, ikiwa nzima, hutosha. Watu wengi huchomeka pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la injekta. Hiyo husukuma psi 40 na zaidi. Sindano ya boya haiwezi kuizuia, petroli itafurika juu ya eksosi ya moto. Tafadhali usifanye hivyo. Ukihitaji pampu ya umeme, nunua ya presha ndogo na uweke regyuleta pamoja na geji.

Mipira yote ya petroli iwe mipya, ya petroli kweli, klipu kila mwisho, filta kabla ya pampu. Kizimamoto cha poda kiwe karibu nawe tangu unapofungua mpira wa kwanza hadi unapofunga boneti, na ondoa kichwa cha betri.

Kiungo cha ekseleta

Mtu akae ndani akanyage hadi mwisho huku wewe ukichungulia kwenye tarumbeta, ile midomo ya kabureta inayovuta hewa. Vilango vyote vinne vilale sawasawa kabisa. Akiachia, vifunge kwa kishindo kidogo. Weka springi mbili za kurudisha, kila moja imefungwa mahali pake, ili moja ikikatika nyingine ibaki.

Hewa kwanza, mafuta baadaye

Taimingi, yaani wakati wa cheche, kwanza. DCOE kwa kawaida haina mahali pazuri pa kuchukulia mvuto wa distributa, kwa hiyo ziba bomba hilo. Mimi niko digrii 12 kabla pistoni haijafika kilele, injini ikiwa sailensa.

Skrubu za mchanganyiko zifunge taratibu mpaka ziguse, usilazimishe, kisha fungua: zile za nyuzi nene mzunguko mmoja, zile za nyuzi nyembamba mizunguko miwili na nusu. Tenganisha kiungo kinachofunga kabureta mbili pamoja. Washa, kanyaga mara mbili tatu kwanza ili pampu ndogo zirushe petroli, na uache injini ipate moto kamili.

Kuna kipimo cha hewa kinachokaa kwenye mdomo wa tarumbeta, na ukikipata kitakurahisishia. Mimi nilifundishwa kwa mpira wa maji. Ni kipande cha nusu mita, ule wa bustani. Mzee aliyenifundisha aliweka ncha moja sikioni, nyingine ndani ya tarumbeta ya kwanza, akaishika ukingoni kwa kidole gumba ili kila mara iingie kina kilekile. Akafumba macho. Akahamia ya pili, ya tatu, ya nne, akarudi ya kwanza. Kisha akanipa.

"Unasikia nini?"

"Upepo, mzee."

"Ya tatu je?"

Nilirudia mara tatu kabla ya kuisikia. Ya kwanza na ya pili zilisema "shhh" la chini, la tatu lilikuwa na ukali kidogo, kama mtu anayevuta chai ya moto kwa midomo.

"Hiyo inavuta nyingi. Punguza kabureta ya nyuma, robo tu, kisha usikize tena."

Hivyo ndivyo inavyofanywa. Geuza skrubu ya mwendo ya kila kabureta mpaka mlio wa mbele na wa nyuma ulingane, huku injini ikibaki kwenye mizunguko 900 hadi 1,000. Makoo mawili ya kabureta moja yakitofautiana, yana mhimili mmoja, kwa hiyo skrubu ya mwendo haisaidii. Kabureta za karibuni zina skrubu ndogo ya kupitishia hewa kila upande, na hufunguliwa ya lile koo dhaifu peke yake. Kama hazipo, mhimili huenda umepinda, na hiyo ni kazi ya kufungua tena.

Hewa ikishalingana, njoo kwenye mafuta. Chukua skrubu ya mchanganyiko ya silinda ya kwanza, ifunge taratibu mpaka injini ianze kuyumba, kisha ifungue mpaka itulie na kupanda mwendo. Pale inapoacha kupanda, simama. Fanya zote nne, punguza mwendo ukiwa umepanda, kisha rudia duru nzima. Ikikohoa kupitia tarumbeta, imekonda. Ikitoa pumzi nzito za eksosi na macho yakuwashe, imenenepa. Kwa skrubu za nyuzi nyembamba, zikitulia chini ya mzunguko mmoja na nusu, jeti ya sailensa ni kubwa. Zikipita mitatu, ni ndogo.

Sasa rudisha kiungo cha kabureta mbili na usikilize tena kwenye mizunguko 1,500. Mara nyingi kiungo hicho hicho ndicho huharibu kazi yote kwa kuvuta kabureta moja mapema kuliko nyingine.

Injini isipotulia hata ufanyeje, chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi, uelekeze kwenye viungo vya manifoldi kimoja kimoja. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Wengine hutumia petroli kwa kazi hii, juu ya eksosi ya moto. Maji hufanya kazi na hayaui.

Chujio

Tarumbeta zilizo wazi zinapendeza sana kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Zifunge asubuhi ya siku hiyo. Siku nyingine zote weka chujio. Vumbi la murram na la maeneo ya ujenzi ni mchanga mtupu, na husaga silinda bila kupiga kelele. Ukija kujua, oili imeshaanza kuungua.

Barabarani

Weka plagi safi, chukua Barabara ya Waiyaki kuelekea Limuru, na kwenye mlima panda kwa gia ya tatu ekseleta ikiwa chini kabisa kwa muda salama. Zima ufunguo, kanyaga klachi, jivute pembeni, toa plagi. Usifanye hivi penye magari mengi, na kumbuka busta haina nguvu injini ikizimwa. Ncha ya plagi ikiwa kahawia hafifu, acha ilivyo. Nyeusi kavu, shuka hadi 110. Nyeupe kama chokaa, panda hadi 120 mara moja, kwa sababu mchanganyiko mkonde hutoboa pistoni.

Hilo la mwisho ndilo sababu ya kubeba jeti za pwani. Ukishuka Mombasa na 115, hewa inazidi kuwa nzito kila kilomita na injini inazidi kukonda, halafu joto nalo linapanda. Mimi huweka jeti nne za 120 kwenye kikopo kilichoandikwa kwa kalamu, ndani ya dashibodi. Tukisimama Mtito Andei kunywa chai, injini ikishapoa kidogo, nafungua nati yenye masikio juu ya kila kabureta, natoa zile nne, naweka hizi nne. Chai huwa haijapoa. Wakati wa kurudi nazibadilisha palepale, kabla ya kuanza kupanda.